Jibu Lililobaki Nje

Jeneza la baba lilikuwa limeshapanda mabegani mwa watu, na wanaume wameanza kumsalia Mtume, ndipo Mzee Mihayo alipojilaza chali kizingitini akaziba mlango.

Alikuwa na miaka themanini na moja na goti moja la chuma, kwa hiyo kulala kwenyewe kulichukua muda. Alishika fremu ya mlango, akashuka taratibu, akanyoosha miguu, akakunja mikono kifuani. Wabeba jeneza wakasimama ukumbini. Sisi wanawake tuliokuwa uani tukasogea tuone.

"Huyu mtumwa wangu kafa bila ruhusa," alisema akitazama dari. "Nani kamruhusu? Babu zangu walipita hapa na mizigo ya pembe kutoka Unyamwezi, wakawakuta Wazaramo mnacheza ngoma. Wakarudi, mnacheza ngoma. Leo kazi ya kuvuta pumzi tu imemshinda. Kafa kwa uvivu."

Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mmoja akifiwa, mwenzake huja kumtukana marehemu, kuzuia jeneza na kudai mtumwa wake asizikwe. Kazi ya wafiwa ni kumtukana zaidi, mpaka watu wacheke wakiwa na machozi usoni. Hapo mtani huinuka na kushika jeneza yeye, upande wa mbele. Baba alimfanyia hivyo Mzee Mihayo alipofiwa na kaka yake. Alikaa juu ya sufuria la pilau, akasema hakuliwi kitu mpaka aambiwe marehemu alimwachia nani ule upara wake. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, na nilicheka mpaka nikajikojolea.

Siku hii hakucheka mtu. Niliviona vikuku vikianza kuwaka nyekundu chini ya kanga na mikono ya kanzu, kimoja baada ya kingine, karibu sitini. Kikuku hakipigi kelele wala hakitetemi, kinawaka tu. Watu waliinamisha vichwa na kuficha viganja kwapani.

Mzee Mihayo akageuza shingo akanitafuta kwa macho. Sauti yake ilishuka kidogo.

"Na huyu binti yake, tumemlea wenyewe, kaenda mjini kujifunza kusema kama tangazo la stesheni. Baba yake akimaliza kuongea naye, ananiita mimi nije nimtukane, angalau ajisikie mtu."

Shangazi Tatu alinichoma kiwiko mbavuni. "Mjibu," alininong'oneza. "Wewe ndiye mwenye msiba. Mjibu."

Majibu nilikuwa nayo, tena matatu, yamenijaa mdomoni. Nilikitazama kikuku changu. Kilikuwa kijani, kwani cha mpimaji huwaka kwa maneno yake mwenyewe tu, kikionyesha alama tisini na nane, na mimi Siwema binti Kondo ni mpimaji wa ndimi kwa mwaka wa nane sasa. Nikafunga mdomo. Mzee aliendelea kulala pale akisubiri. Mtu mmoja alikohoa, jeneza likahamishwa bega. Mwishowe Mzee Mihayo aliinuka mwenyewe, goti likilia, akajipangusa vumbi la suruali na kupisha njia. Jeneza lilipita, naye akafuata nyuma kabisa, peke yake.

Shangazi alisema baadaye kwamba tangu azaliwe hajawahi kumwona mtani anainuka bila kujibiwa. Hakunisemesha tena siku hiyo.

*

Mtu asidhani vikuku vilishuka tu kutoka mbinguni. Tuliviomba wenyewe. Baada ya Mapigano ya Mitaa, watu elfu tatu walipokufa ndani ya wiki mbili, uchunguzi ulionyesha kwamba kila moto uliwashwa kwanza kwa maneno. Mtu alirekodi sauti, mwenzake akaisambaza, na kufika jioni mtaa unateketea. Ndipo ikajengwa Mizani. Kikuku kinachukua maneno ya kila anayesikika karibu nawe, kinachukua na mapigo ya moyo wako na jasho lako unapoyasikia. Mizani inalinganisha maneno hayo na mifano milioni arobaini iliyofundishwa. Neno likiwa chafu kikuku kinawaka, cha msemaji na cha msikiaji; na mwili wa aliyeambiwa ukionyesha maumivu, msemaji anapoteza alama. Akishuka chini ya sitini anafungwa kibano.

Kibano ni kidude kidogo kama kifungo cha shati. Kinagandishwa shingoni, chini ya kikoromeo, na kinautekenya mshipa unaoendesha nyuzi za sauti ili zisikutane. Unakula, unapumua, unakohoa. Sauti ndiyo huna, hata ya mnong'ono. Siku arobaini.

Na kweli moto ulizimika, hilo silikatai. Miaka minane hakujachomwa hata banda la kuku. Ila watu tulianza kusema kwa namna ambayo baba aliita Kiswahili cha kikuku. Muuza samaki anakuambia, "Ndugu mteja, nakutakia uchaguzi mwema." Mke anamwambia mumewe aliyechelewa kurudi kwamba amepokea kuchelewa kwake kwa masikitiko. Mimi nilikuwa hodari wa lugha hiyo. Nikimpigia baba simu nilianza na "Mzazi wangu mpendwa, natumaini u buheri wa afya," na kila mara alinijibu, "Kafa nani?"

Yeye kikuku chake alikitia ndani ya debe la unga kisisikie. Mzee Mihayo naye alikuja na chake mfukoni, wakavifunika pamoja, kisha wakakaa barazani kutukanana mpaka adhuhuri. Nilijua. Kila nilipokwenda kumtembelea nilikuta unga umeganda kwenye nyufa za kikuku chake, na sikuwahi kuandika ripoti. Nilijiona mtoto mwema kwa ajili hiyo.

Sasa kuna jambo ambalo sijamsimulia mtu. Ile mifano milioni arobaini ilipimwa na watu, na mimi nilikuwa mmoja wao. Tulikaa vyumba vidogo Pugu, na vipokea sauti masikioni. Kila mfano ulikatwa uwe wa sekunde nne, kwa kuwa mashine ya wakati ule haikuweza kumeza zaidi, na kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na visanduku viwili, chuki na safi. Lengo la siku ni mifano elfu moja. Wiki ya pili nilipata sauti ya bibi mmoja msibani akisema, "Mtumwa wangu huyu, mtupeni shimoni tukale." Nikaweka alama ya chuki. Nilijua ni nini. Sauti nzima ilikuwa na sekunde kumi na moja, na nilikuwa nimeisikia yote: bibi wa pili anamjibu mwenzake, halafu msiba mzima unaangua kicheko. Ni mimi niliyeikata. Nilibakiza sekunde nne za mwanzo, jibu likabaki nje. Nilikuwa bado na mifano mia sita, na niliona haya kumwita msimamizi, kijana wa mjini mwenye miwani, nianze kumweleza mambo ya utani wa kwetu. Angeniona mshamba.

Mizani ilijifunza vizuri nilichoifundisha.

*

Siku ya nne baada ya mazishi, mkuu wangu wa kazi, Bwana Ombeni, aliniita ofisini kwake Kisarawe. Alinipa pole ya msiba, akanipa chai, kisha akafungua faili. Vikuku vya watu sitini vilikuwa vimetoa ushahidi. Mzee Mihayo ameshuka hadi alama kumi na nne. Kilichobaki ni kusikilizwa kwa mlengwa, na kwa kuwa mlengwa wa kwanza amezikwa, nimebaki mimi. Baraza la Ndimi litaniuliza swali moja tu, kama niliumia au sikuumia. Nikisema sikuumia, shauri linafutwa, ila kikuku kitasoma kama nasema kweli.

Alinionyesha mstari wa moyo wangu wa siku ile. Pale Mzee Mihayo aliposema kuhusu baba kujisikia mtu, mstari uliruka ukatoka nje ya karatasi.

Nilimweleza utani ni nini. Ombeni ni Mpare, na Wapare wana watani wao, kwa hiyo nilidhani sitahitaji maneno mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akaniambia habari ambayo katika miaka minane ya kufanya kazi pamoja sikuwahi kuisikia. Mdogo wake aliuawa kwenye Mapigano, akiwa na duka la dawa. Waliomuua walianza siku tatu kabla, kwa sauti zilizotumwa kwenye kundi la mtaa. Kila sauti ilianza na maneno "watani zetu hawa". Watu walicheka, na hata Ombeni alicheka, akaisambaza moja kwa rafiki zake.

"Nikiacha mlango wa utani wazi, Bi Siwema, watapitia hapohapo," alisema. "Watakuja na petroli wakiwa wanacheka. Sema ukweli tu, sikuombi zaidi."

Nilitoka pale. Nilimwonea huruma, na nilimwogopa, kwa sababu hakuwa mjinga.

*

Jioni ileile nilikwenda kwa Mzee Mihayo. Nilimkuta barazani anamenya muhogo, na mkewe, Bibi Nyamizi, ameketi pembeni na kidole amekishikiza kwenye mkeka wa mumewe ausikie ukitikisika, ajue yuko upande gani. Bibi Nyamizi alipofuka kwa sababu ya kisukari, mwaka wa sita huu. Kikuku chake kilifungwa na zahanati, kinampima na sukari, hakivuliki kwenda kwenye debe la unga. Ndiyo maana watani walikuwa wakikutana kwetu, si kwake. Nyumbani kwake Mzee Mihayo alisema kwa adabu kama mimi.

Ila alisema bila kupumzika. Nikiwa nimekaa pale alimwambia mkewe kwamba mgeni ni binti Kondo, kavaa kanga ya kahawia, kakonda, kaja na sukari kilo mbili. Alimwambia kwamba jua limefika juu ya choo cha jirani, kwamba paka amerudi, kwamba kikombe kiko kulia kwake kama shubiri moja. Alikuwa akimsomea dunia nzima, na bibi akiitikia kwa kichwa.

Nilianza kumwomba radhi, mzee akanizuia. Aliniuliza kama kweli baraza litakaa Alhamisi. Nikasema ndiyo. Akauliza kama kibano kinaweza kuwekwa usiku tu. Nikasema hapana, ni mchana na usiku, siku arobaini.

"Mimi nitakaa," alisema. "Nitakuwa natikisa kichwa. Huyu je? Atajuaje kama mimi ndiye niliyemshika mkono?"

Bibi Nyamizi alicheka kidogo, akasema atamjua kwa harufu ya jasho lake. Mzee hakucheka. Hakuniomba niseme uongo, na hilo ndilo lililonikalia vibaya njia nzima.

Usingizi haukuja. Nilitafuta kifungu cha sheria cha kumwokoa, na nilichokipata kilikuwa kidogo na kichungu. Kifungu cha kumi na tisa kinahusu ugomvi. Watu wawili wakitupiana maneno machafu na wote wakasikika, kosa ni moja, na adhabu inagawanywa nusu kwa nusu. Kiliwekwa kwa ajili ya walevi na majirani wanaogombania mipaka. Mpimaji akinaswa kwa kifungu hicho anavuliwa kazi papo hapo.

*

Alhamisi ukumbi ulijaa. Bwana Ombeni alikaa katikati, wajumbe wawili pembeni yake, na Mzee Mihayo kwenye kiti cha mbele, kashika kofia. Shangazi Tatu alikuwa amemshika mkono Bibi Nyamizi. Ombeni alisoma maneno yote ya siku ya mazishi, neno kwa neno, kwa ile sauti yake safi. Yakisomwa hivyo yalitisha kweli. Hata mimi ningemfunga mtu aliyeyasema.

Akaniuliza kama niliumia.

"Niliumia," nilisema, na kikuku changu kikabaki kijani, kwa maana ni kweli. Niliona mabega ya Mzee Mihayo yakishuka. "Niliumia kwa sababu alisema kweli. Baba alikuwa anazungumza nami kama anazungumza na ofisi. Lakini shauri hili halijaisha, mkuu. Mzee huyu alinisemesha na mimi sikumjibu. Utani ni wa watu wawili. Mkimpima mmoja peke yake lazima mumwone mchawi."

Ombeni alisema kwa upole kwamba swali langu nimeshalijibu, niketi.

Sikuketi. Nilimgeukia Mzee Mihayo. Maneno niliyoyatafuta usiku kucha yalikimbia yote. Yakaja mengine, na sauti iliyotoka haikuwa ya stesheni. Ilikuwa ya baba.

"We mtumwa," nilisema. "Babu zako walibeba mizigo ya watu mpaka hapa, nyinyi mkasahau njia ya kurudi. Miaka themanini na moja uko kwetu unasema umekuja kuaga. Goti lenyewe umeazimwa na hospitali. Baba yangu hakufa kwa uvivu, kafa ili akukimbie, maana kila akipika unatokea. Na huko aliko kaziba mlango na udongo futi sita, tuone kama utapiga hodi."

Vikuku vilianza kuwaka, safu ya mbele, safu ya pili, mpaka nyuma kabisa. Changu kiliwaka pia. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona rangi ile mkononi mwangu.

Kisha Mzee Mihayo akacheka. Alianza kwa kukohoa, akainama, akajifuta macho na kofia. "Haya sasa," alisema. "Sasa Kondo kazikwa." Shangazi Tatu alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, mabega yanamruka, sikujua kama analia au anacheka.

Nilimwomba Ombeni atumie kifungu cha kumi na tisa. Alikitazama kitabu cha sheria muda mrefu ingawa anakijua kwa moyo. Nikaona nafasi, nikamwambia nilichokuwa nimekiwaza tangu usiku. Dawa si kuziba mdomo, ni kutazama jibu. Utani unajibiwa na watu wanacheka wote wawili. Chuki haitaki kujibiwa. Mashine ikifundishwa kusubiri jibu, itajua.

Ombeni alivua miwani.

"Mdogo wangu alijibu," alisema. "Alidhani ni utani. Aliwatumia sauti ya kuwatania na yeye, akicheka. Hiyo sauti ndiyo waliyoisambaza mtaani wakisema ametutukana."

Nilitafuta neno la kumwambia, la kikuku au la kwetu, sikulipata, na mpaka leo sijalipata. Alivaa miwani yake, akaandika siku ishirini na siku ishirini, akagonga muhuri. Alipokuwa akinipa karatasi ya kurudisha vifaa vya kazi, alinishikia mlango.

*

Kibano kinawekwa na muuguzi, kwa dakika moja. Unasikia ubaridi shingoni, kisha unasema "asante" na hakitoki kitu. Nilifanya hivyo kwa mazoea, nikaona haya.

Siku ya tatu ya ukimya nilikwenda kwa Mzee Mihayo. Nilitaka nimsaidie kumpikia mkewe, na kusema kweli nilitaka kukaa na mtu wa hali yangu. Nilifika mchana. Bibi Nyamizi alikuwa ndani, ameketi kitandani, mikono magotini, uso ameugeuzia mlango. Alikuwa amevaa gauni lake kinyumenyume. Kumbe kwa siku tatu alikuwa akiuliza, "Uko wapi?" na kugongewa ukuta mara mbili kama jibu.

Mzee aliniona kutoka barazani. Hakunipungia mkono. Alishika fremu, akashuka taratibu, goti likalia, akajilaza chali kwenye kizingiti cha nyumba yake na kukunja mikono kifuani. Akafumba macho.

Nilisimama pale nikimtazama, na koo likanijaa maneno yasiyokuwa na pa kupitia. Nikavua kandambili, nikamshika mguu wa goti la chuma, nikamburuta. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Akanishika kanga, nikamnyang'anya kofia, nikaivaa, nikamkalia tumboni kama baba alivyolikalia sufuria. Tulipumua na kugongana kama mbuzi, wala hatukutoa hata mnong'ono. Machozi yalikuwa yananitoka, na yeye pia, na meno yake yote yaliyobaki yakionekana.

Ndani, Bibi Nyamizi aliinua kichwa. Alisikiliza mburuzo, pumzi na goti.

"Nani hapo?" aliuliza.

Tuliganda. Hapakuwa na wa kumjibu. Mzee aligonga sakafu mara mbili. Bibi akatega sikio tena, na nikaona uso wake unafunguka taratibu, kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Akaangua kicheko. "Kondo kamtuma mtoto wake," alisema kwa sauti kubwa ya furaha. "Ingia, mtumwa wangu, ingia. Waongo na wavivu nyie, na kufa hamjui. Ingia uje ule."

Mkononi mwake kikuku cha zahanati kikawaka nyekundu. Aliendelea kututukana na kucheka, akipapasa hewani atushike, na taa ikizidi kuiva kwa kila neno. Yeye hakuiona, na sisi wawili hatukuwa na sauti ya kumwambia anyamaze.